Vijidudu havinywi maji: jinsi joto la bakteria linavyokausha tope la majitaka

Choo cha shimo kikijaa, swali la kwanza mtaani huwa lilelile: kuna dawa ya kumwaga ili kinyesi kikauke? Wauzaji wanayo, tena ya aina nyingi. Huinadi kuwa ni bakteria wanaokula kinyesi na kunywa maji, pakiti moja inatosha, na gari la kunyonya halitahitajika tena. Wakati huohuo wahandisi wa majitaka nao huzungumzia kukausha tope kwa bakteria, na mitambo ya namna hiyo ipo na inafanya kazi. Anayesikia yote mawili huona ni jambo moja, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea shimoni.

Tuanze na maneno. Majitaka ni maji yaliyokwisha kutumika: ya choo, ya bafu, ya jikoni, ya kiwandani. Yakisafishwa kwenye mabwawa au mtamboni, uchafu mzito hutuama, na huo ndio tope. Linalotolewa moja kwa moja kwenye mashimo ya vyoo na matangi ya septiki huitwa topekinyesi. Unyevu ni sehemu ya uzito wa tope ambayo ni maji: tope lenye unyevu wa asilimia 98 lina kilo 98 za maji na kilo mbili tu za yabisi katika kila kilo 100.

Hapo pana hesabu inayowashangaza wengi. Chukua kilo 1,000 za tope lenye unyevu wa asilimia 98. Yabisi ni kilo 20. Ukishusha unyevu hadi asilimia 96, kilo 20 zilezile sasa ni asilimia nne ya mzigo, kwa hiyo mzigo wote ni kilo 500. Pointi mbili tu za asilimia, na umepunguza nusu ya safari za lori. Ndiyo maana ukaushaji wa tope ni biashara ya maji kuliko biashara ya kinyesi: anayelipa gari la kunyonya hulipia zaidi kusafirisha maji.

Lakini maji ya kwenye tope hayatoki yote kwa urahisi uleule. Mpishi wa pwani anajua jambo hili kwa mikono yake. Nazi iliyokunwa na kutiwa maji humwaga sehemu yake ya kwanza yenyewe, sehemu ya pili hutoka kwa kukamua kwenye kifumbu, na baada ya hapo hata ukamue mpaka vidole viume, machicha yanabaki na unyevu ambao ni jua au moto tu utakaouondoa. Tope lina ngazi hizohizo. Yako maji huru, ambayo hutuama au kuchujika kwenye mchanga. Yako maji yaliyobanwa katikati ya chembe, ambayo hutolewa kwa mashine za kukamua au za kuzungusha kwa kasi. Na yako maji yaliyonaswa ndani ya miili ya bakteria na katika ute wanaoutoa ili kujigandisha pamoja.

Ute huo ndio adui mkubwa. Mashine nzuri ya kukamua, ikisaidiwa na kemikali za kugandisha chembe, kwa kawaida huishia kutoa tope lenye unyevu wa asilimia 75 hadi 82. Kwa macho linaonekana gumu, unaweza kulichota kwa beleshi, lakini bado robo tatu hadi nne kwa tano ya uzito wake ni maji.

Katika hatua hii bakteria wanaweza kusaidia kwa njia mbili tofauti kabisa, na watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kuuvunja ute. Wapo bakteria wa jamii ya Acidithiobacillus wanaoishi kwa kuunguza salfa na madini ya chuma. Wakiwekwa kwenye tope jepesi, wakapewa salfa au chumvi ya chuma pamoja na hewa, ndani ya siku chache hulifanya tope kuwa kali kama siki na zaidi, pH ikishuka hadi karibu 3 au chini yake. Ute unavunjika, chembe zinaacha kushikana na maji, na mashine ya kukamua inapata kazi rahisi. Wachina wameifanyia kazi sana njia hii, na wamefikisha unyevu wa asilimia 60 hivi bila kemikali za kugandisha. Gharama yake ni kwamba tindikali ile huyeyusha pia metali nzito, kwa hiyo maji yanayokamuliwa yanahitaji kusafishwa, na tope linahitaji chokaa kabla ya kwenda shambani. Angalia kwamba hapa bakteria hawajakausha kitu. Wamelegeza tu, aliyetoa maji ni mashine.

Njia ya pili ndiyo inayostahili kuitwa ukaushaji, na ndiyo tutakayoifuata. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliokuwa wakishughulika na kinyesi cha ng'ombe wa maziwa, walionyesha kwamba joto la bakteria wanaooza samadi linaweza kutumiwa kwa makusudi kuikausha, bila kuni wala mafuta.

Maji yanaondoka na hewa

Bakteria wanaopata oksijeni wanapokula mabaki ya kinyesi, karatasi na mafuta, hufanya kile ambacho moto ungefanya, ila polepole: hutoa hewa ukaa, joto na maji. Ndiyo, maji. Kila kilo ya chakula wanachoteketeza huzaa takribani nusu kilo ya maji mapya. Kwa hiyo dhana ya bakteria wanaokunywa maji iko kinyume na ukweli, kwa kuwa wao huongeza maji. Faida yao ni joto, ambalo hugeuza maji kuwa mvuke, kisha hewa inayopita huuchukua mvuke na kutoka nao. Hewa isipopita, mvuke unapoa, unarudi kuwa maji, na lundo linabaki bichi.

Joto lina maana kubwa kwa sababu hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba mvuke kwa nyuzijoto 20 hubeba gramu 17 hivi za maji. Kwa nyuzi 30 hubeba gramu 30. Kwa nyuzi 60 hubeba gramu 130. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa ikiingia kwenye lundo ikiwa na gramu 20 na ushee, kisha ikatoka kwa nyuzi 60 ikiwa imeshiba, kila mita ya ujazo imeondoka na karibu gramu 100 za maji. Hii ndiyo sababu ukaushaji huu hauzuiliwi na unyevunyevu wa hewa ya pwani, jambo ambalo huwatatiza sana wanaotegemea jua peke yake.

Sasa hesabu ya nishati, kwa sababu hapo ndipo ahadi nyingi hukutana na ukweli. Kilo moja ya chakula cha bakteria ikiteketea hutoa joto la megajuli 20 hivi. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.4. Ukitoa joto linalopotea kwa kuta za lundo na kwa kupasha hewa, tuseme asilimia 30, kilo moja ya chakula inaondoa kilo sita hivi za maji.

Tuchukue tani moja ya tope lililokamuliwa, unyevu asilimia 80. Lina kilo 800 za maji na kilo 200 za yabisi. Haliwezi kukaushwa hivyohivyo, kwa sababu limeshikamana na hewa haipiti. Lichanganye na kilo 400 za maranda makavu, yaani yenye unyevu wa asilimia 10. Sasa una kilo 1,400, maji yakiwa kilo 840, sawa na asilimia 60 kamili. Kwa ujazo ni kama ndoo mbili za maranda kwa ndoo moja ya tope. Katika siku 14 hadi 20 bakteria wakiteketeza kilo 50, joto lao litaondoa karibu kilo 300 za maji. Ongeza maji waliyoyazaa wenyewe, na lundo litabaki na unyevu wa asilimia 53 hivi.

Ni asilimia 53, wala si 10 au 20. Anayekuambia kwamba bakteria peke yao watalitoa tope la mtamboni likiwa kavu kama unga, mwombe akuonyeshe joto la ziada linatoka wapi. Kilichobaki humalizwa na jua chini ya paa la plastiki angavu, au kwa kuendelea kupuliza hewa kavu. Bado faida ni kubwa: kilo 300 za maji zimeondoka bila kuchoma kuni, na lundo sasa ni chengachenga, jua linalikausha kwa siku chache badala ya majuma.

Kulijenga lundo

Anza na vipimo. Pima gramu 100 za tope, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Kilichopungua ndicho unyevu. Palipo na mizani lakini hapana oveni ya maabara, oveni ya jikoni itatoa makadirio, lakini isitumike tena kwa chakula. Kwa haraka zaidi, ukiwa na glavu nzito, finya konzi ya mchanganyiko: maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza maranda, ukibaki kama donge bila kudondosha, uko karibu na asilimia 55 hadi 60, ukimomonyoka mara ukifungua mkono, ni mkavu mno na bakteria hawataamka.

Kipimo cha pili ni nafasi ya hewa, na wengi hukiruka. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mchanganyiko, ugonge chini mara kadhaa ushuke, ujaze tena hadi ukingoni. Kisha mimina maji taratibu ukihesabu lita. Ikipokea lita saba au zaidi kabla ya kufurika, hewa itapita. Ikipokea lita nne, hata feni kubwa haitakusaidia, kwa kuwa hewa itatafuta ufa mmoja na kupita hapo tu, lundo lingine likioza bila oksijeni.

Maranda yanaweza kubadilishwa kwa vipande vya mbao, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, au pumba za mpunga. Pumba ni nyepesi sana, hivyo usihesabu ndoo, pima kwa uzito. Nazo haziozi haraka kwa bakteria, jambo ambalo hapa ni zuri: zinabaki zikishikilia nafasi ya hewa. Njia nyingine ya kupunguza gharama ni kurudisha sehemu ya tope lililokwisha kukauka. Likiwa na unyevu wa asilimia 30, tani moja ya tope bichi inahitaji kilo 670 hivi ili kufika asilimia 60, na pamoja nalo unarudisha bakteria waliokwisha kuzoea joto. Hiyo ndiyo mbegu bora kuliko pakiti yoyote ya dukani.

Lundo lijengwe chini ya paa, kwenye sakafu ya zege yenye mteremko kidogo na mfereji. Laza mabomba ya plastiki ya inchi nne yaliyotobolewa matundu ya milimita 10, kila baada ya sentimita 10 hadi 15, matundu yakielekea chini kwa ubavu ili yasizibwe. Mita moja ya mwisho wa bomba, upande wa feni na upande wa pili, isitobolewe, la sivyo hewa itakatiza njia na kutokea pembeni. Funika mabomba kwa sentimita 20 za vipande vya mbao, kisha panga mchanganyiko hadi kimo cha mita moja na nusu. Ukipanda juu zaidi, uzito unajikandamiza chini. Malizia na tabaka la sentimita 15 za tope kavu la awamu iliyopita, linaloshika joto na kupunguza harufu.

Turubai la plastiki lisigusane na lundo kamwe. Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote: watu huogopa mvua, hufunika, mvuke unapanda, unagonga plastiki, unarudi chini kama matone. Baada ya wiki mbili juu kumeloa kuliko siku ya kwanza.

Feni katika siku mbili za kwanza ipulize kwa vipindi vifupi, mathalani dakika tano kila nusu saa. Bakteria wanahitaji oksijeni, lakini hewa nyingi mapema hulipoza lundo kabla halijashika. Kwa kawaida joto huvuka nyuzi 50 kati ya siku ya pili na ya nne. Hapo ongeza hewa. Kwa tani yetu moja, oksijeni ya kuteketeza kilo 50 inapatikana katika hewa ya mita za ujazo 300 hivi, lakini kubeba kilo 300 za mvuke kunahitaji mita za ujazo 3,000 hata kama hewa yote itatoka kwa nyuzi 60. Tofauti hiyo ya mara kumi ndiyo inayotenganisha ukaushaji na utengenezaji wa mboji wa kawaida. Endesha feni kwa kufuata kipimajoto kirefu kilichochomekwa hadi katikati: likivuka nyuzi 65, puliza zaidi, likishuka chini ya 45 wakati lundo bado bichi, punguza. Juu ya nyuzi 70 bakteria wenyewe hufa.

Hewa inayopulizwa kutoka chini hukausha chini kwanza na kulowesha juu. Kwa hiyo pindua lundo kila baada ya siku tatu hadi tano. Pasipo feni, kupindua ndiko kunakoleta hewa, na kufanyike kila siku mbili au tatu. Kazi itakamilika, ila kwa muda mrefu zaidi.

Lisiposhika joto

Siku ya tano imefika na lundo lina nyuzi 32. Sababu ya kawaida ni unyevu mwingi au mchanganyiko ulioshikamana, na dalili yake ni harufu ya mayai viza. Fumua, ongeza maranda, jenga upya. Harufu kali ya mkojo, inayochoma macho, ni amonia: tope lina nitrojeni nyingi mno likilinganishwa na kaboni yake, na maranda tena ndiyo dawa. Kama tope lilitiwa chokaa mtamboni ili kuua vimelea, bakteria hawatafanya kazi mpaka ukali wa chokaa upungue.

Sababu ya nne inatugusa sana Afrika Mashariki: tope halina chakula. Topekinyesi la shimo lililokaa miaka mitano limekwisha kuoza humohumo shimoni. Kilichobaki ni mchanga, vitambaa, plastiki na mabaki magumu ambayo bakteria hawayawezi. Tope la namna hiyo huchujwa takataka kisha hupelekwa kwenye vitanda vya mchanga vya kukaushia, kama vile vya mtambo wa Lubigi, Kampala, uliofunguliwa mwaka 2014. Ukitaka lishike joto lazima uliongezee chakula, kama mabaki ya sokoni, lakini ndizi na mboga nazo zimejaa maji, kwa hiyo kila kilo inayoleta joto inaleta pia mzigo wa kukausha. Fanya hesabu kabla ya kukodi lori.

Turudi kwenye pakiti ya dukani. Ndani ya shimo hakuna hewa inayopita, kwa hiyo bakteria walioko huko huoza bila oksijeni, namna inayotoa joto dogo mno na kuacha nishati nyingi kwenye gesi ya methani. Mvuke hauna pa kwenda. Palipo na maji ya ardhini karibu, kama mabondeni mwa Dar es Salaam wakati wa masika, maji yanaingia upya kupitia kuta. Na bakteria hawakupungua kamwe: kila gramu ya kinyesi kibichi ina mabilioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walizijaribu dawa hizi maabara na katika vyoo vya shimo vya jiji la Durban, na hawakuona tofauti ya maana kati ya mashimo yaliyotiwa dawa na yasiyotiwa. Yule anayeapa kwamba choo chake kilishuka huenda hasemi uongo: ndoo ya maji inayomwagwa pamoja na dawa husawazisha kichuguu kilicho chini ya tundu, na kiwango kinaonekana kimeteremka. Ujazo ni uleule. Familia inayoahirisha kumwita mnyonyaji kwa sababu hiyo huishia kutapisha choo mvua ikinyesha, na kinyesi kikapita kwenye milango ya majirani.

Kukauka si kusafika

Mayai ya askaris, minyoo mikubwa ya tumboni, hustahimili ukavu kwa miezi, hata miaka. Yanayoyaua ni joto la kutosha kwa muda wa kutosha, sehemu zote. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 zinataka lundo linalopulizwa hewa likae kwenye nyuzi 55 au zaidi kwa siku tatu, na lundo la kupinduliwa likae hivyo kwa siku 15 likipinduliwa mara tano. Kupindua hapo si urembo: ngozi ya nje ya lundo ni baridi, na mayai yaliyoko nje lazima yaingizwe ndani. Shirika la Afya Duniani linataka tope la kwenda shambani liwe na chini ya yai moja hai kwa gramu ya yabisi. Hilo hupimwa maabara, halionekani kwa macho wala kunuswa. Metali nzito nazo haziondoki na mvuke, zinabaki, tena zikiwa nyingi zaidi kwa kila kilo kwa sababu sehemu ya yabisi imeteketea. Tope la mtaa wenye viwanda vya ngozi au betri lisiende kwenye mchicha.

Wapo wanaoona joto likishuka siku ya 12 wakadhani tope limeiva. Huenda limekauka tu. Chini ya unyevu wa asilimia 40 bakteria huzorota, na kwenye 30 karibu wanasimama, chakula kikiwa bado kipo. Chukua ndoo ya tope hilo, lirejeshee unyevu, liache siku mbili: likipata joto tena, halijawa mboji. Likihifadhiwa kwenye magunia yanayovuja, mvua ya kwanza italiamsha, pamoja na bakteria wa magonjwa waliosalia.

Kwa hiyo amua mapema unataka nini. Anayetaka mboji aongeze maji unyevu unaposhuka, aache bakteria wamalize chakula kwa miezi kadhaa. Anayetaka kuni afanye kinyume: akaushe haraka, chakula kingi kibaki, maana hicho ndicho kitakachowaka. Yabisi ya tope ikiwa na megajuli 12 kwa kilo, tope lenye unyevu wa asilimia 80 hutumia karibu joto lake lote kukausha maji yake lenyewe, na linabaki na nusu megajuli tu kwa kilo. Likifika asilimia 50 linabaki na megajuli karibu tano. Likifika asilimia 20, tisa. Hapo tanuri la kiwanda linaweza kulipokea, mradi magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu, na wanaoyabeba wavae barakoa za vumbi, kwa sababu tope kavu hutoa vumbi na mbegu za kuvu zinazoingia mapafuni.